Padre Gassendi na Chembe Zisizoonekana

Wakati wa kiangazi nchi ya Kisongo, iliyo upande wa magharibi wa mji wa Arusha, hukauka sana. Ng'ombe warudipo jioni kutoka malishoni, vumbi hutimka, na mtu aliye mbali hulitambua kundi kwa wingu lile kabla hajaona pembe hata moja. Asubuhi yake vumbi limetulia, na ndani ya nyumba hewa yaonekana kuwa safi kabisa. Lakini jua likipenya katika tundu la ukuta, mwali wake huonyesha vipande vidogo visivyo na hesabu, vikipanda na kushuka na kuzunguka pasipo kupumzika. Jua halikuvileta vipande hivyo. Vilikuwamo tangu kwanza, ila jicho halikuviona.

Hapo mtoto mwenye akili huuliza: Ikiwa viko vitu vidogo visivyoonekana mpaka jua limulike, je, havipo vingine vidogo zaidi, ambavyo hata jua haliwezi kuvionyesha? Na mtu akitwaa punje moja ya mahindi akaisaga, kisha akausaga unga wake, na kuusaga tena, atafika lini mwisho? Je, unga wagawanyika siku zote pasipo kikomo, au iko chembe ya mwisho ambayo haikatiki tena?

Swali hili ni la kale. Katika nchi ya Wayunani, zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwenye hekima mmoja jina lake Demokrito alijibu kwamba mwisho upo. Alisema vitu vyote vimefanyizwa kwa chembe ndogo mno zisizokatika, nazo huenda huku na huko katika nafasi tupu. Kwa Kiyunani chembe hiyo iliitwa atomu, maana yake, kitu kisichokatika. Baada yake Epikuro, aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, aliyafundisha mafundisho hayo katika mji wa Athene. Lakini Epikuro aliongeza maneno mengine. Alisema kwamba miungu haishughuliki na wanadamu, kwamba chembe hazikuumbwa na mtu awaye yote, na kwamba roho ya mtu hutawanyika kama moshi mwili ufapo.

Kwa sababu ya maneno hayo Wakristo wa Ulaya waliyachukia mafundisho ya Epikuro, na jina lake likawa kama tusi. Katika shule zao walimfuata mwenye hekima mwingine wa Uyunani, yaani Aristotle, aliyekana kuwapo kwa atomu na nafasi tupu. Karne nyingi zilipita, na mwanafunzi aliyeuliza sababu ya jambo fulani aliambiwa tu, "Aristotle amesema." Neno hilo lilitosha kumaliza mazungumzo.

Mtu aliyeifungua tena kesi ya chembe alikuwa padre wa Ufaransa, jina lake Pierre Gassendi. Alizaliwa tarehe 22 Januari 1592 katika kijiji cha Champtercier, karibu na mji mdogo wa Digne, katika nchi ya milima iliyo kusini ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, wala hawakuwa na mali. Mtoto wao alionekana mapema kuwa na akili nyingi, akapelekwa shule. Akajifunza Kilatini, na hesabu, na elimu ya dini, hata akapewa upadre. Tangu mwaka 1617 alifundisha katika mji wa Aix, na kazi yake ilikuwa kuwaeleza wanafunzi mafundisho ya Aristotle. Aliyaeleza kama ilivyompasa. Lakini akiisha kueleza, aliwaonyesha pia mahali palipo na shaka, maana hakutaka wakubali neno pasipo kulipima.

Mwaka 1624 alipiga chapa kitabu cha kupinga wale waliomfuata Aristotle kwa upofu. Ulikuwa mwaka wa hatari. Mwaka uo huo, katika mji wa Paris, watu watatu walitaka kujadiliana mbele ya watu wote juu ya makosa ya Aristotle, na miongoni mwa maneno yao lilikuwamo fundisho la atomu. Mahakama Kuu ya Paris ikawakataza. Karatasi zao zikararuliwa, wenyewe wakafukuzwa mjini, na ikatolewa amri kwamba mtu ye yote asifundishe neno lililo kinyume cha waandishi wa kale waliokubaliwa, na adhabu yake ni kifo. Gassendi alikuwa ameandika na sehemu ya pili ya kitabu chake. Hakuipiga chapa. Ilikaa miaka mingi, ikatoka mwaka 1658, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Basi mtu wa namna hii angeweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Angeweza kunyamaza, akafundisha yaliyozoewa, akaishi salama. Au angeweza kuyashika maneno yote ya Epikuro, mabaya na mema, akaiacha imani yake. Gassendi hakufanya hili wala lile. Alifanya kama mwanamke wa Meru afanyavyo maharage yakiisha kupurwa: hali maganda pamoja na maharage, wala hamwagi vyote kwa sababu ya maganda. Hutwaa ungo akapepeta.

Kazi hiyo ya kupepeta ilimchukua zaidi ya miaka 20. Alisoma maandiko yote ya Kiyunani na ya Kilatini yaliyomhusu Epikuro, akaona kwamba mtu yule alisingiziwa mengi, maana maisha yake yalikuwa ya kiasi, wala hakuwa mlafi kama watu walivyosema. Mwaka 1647 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1649 kingine kikubwa zaidi. Katika fundisho la atomu aliyaacha yale aliyoyaona kuwa makapi. Epikuro alisema chembe ni za milele. Gassendi akasema ziliumbwa na Mungu. Epikuro alisema idadi yake haina mwisho. Gassendi akasema idadi yake ina mwisho, ijapokuwa mwanadamu hawezi kuihesabu. Epikuro alisema zaenda zenyewe tu na kukutana kwa bahati. Gassendi akasema mwendo wake zilipewa na Mungu tangu siku ya kuumbwa. Na roho ya mtu yenye kufahamu, alisema, si ya chembe, wala haifi. Yaliyobaki katika ungo aliyashika: kwamba vitu vyote vionekanavyo ni vya chembe ndogo, na kwamba kati yake iko nafasi tupu.

Yawezekanaje chembe za namna chache kufanyiza vitu vya namna nyingi? Gassendi alitumia mfano wa herufi, kama walivyoutumia watu wa kale. Mfano huo wafahamika upesi kwa Kiswahili. Mwanafunzi na atwae herufi nne tu, l, i, m, a. Akizipanga hivi apata lima. Akizipanga vingine apata mali. Tena apata mila, na lami, na imla. Herufi ni zile zile, lakini jembe la mkulima si fedha ya tajiri, wala desturi ya wazee si kazi ya kuandika darasani. Ndivyo na chembe: zikibadili mpango wake, kitu huwa kingine. Gassendi alisema pia kwamba chembe chache zikishikamana hufanya kifungu kidogo, na kifungu hicho alikiita kwa Kilatini jina ambalo leo husemwa molekuli.

Mambo mengi ya kila siku hufahamika kwa njia hii. Nguo iliyoanikwa hukauka, wala hapana aliyeyaona maji yakitoka, maana yametoka chembe chembe. Kahawa ikikaangwa katika nyumba moja, jirani huinusa kabla hajaambiwa, kwa kuwa chembe zake zimepeperuka hata puani mwake. Mpini wa jembe hulainika na kupungua kwa miaka, ijapokuwa mkono wa mkulima hauondoi kitu kionekanacho siku hata moja.

Gassendi alitafuta pia dalili katika maji ya chumvi. Aliona kwamba maji yakiisha kushiba chumvi, hata chumvi nyingine ikakaa chini pasipo kuyeyuka, maji hayo hayo yaweza kuyeyusha shabu. Akasema, bila shaka zimo nafasi nyingine katikati ya chembe za maji. Mwanafunzi akitaka kujaribu jambo lifananalo na hilo, na atie chumvi katika kikombe cha maji akikoroga, mpaka ibaki chini. Kisha ayamimine maji ya juu katika kikombe kingine, atie kijiko cha sukari. Ataona sukari inayeyuka. Gassendi alidhani kwamba nafasi za chumvi zina umbo moja na za shabu zina umbo lingine, kama tundu la mraba na la pembe nyingi. Hilo halikuwa kweli, na wataalamu wa leo hueleza kuyeyuka kwa njia nyingine, yaani kwa jinsi chembe za maji na za kitu kile zivutanavyo. Walakini jambo lenyewe aliloliona kwa macho yake lilikuwa kweli.

Maana Gassendi hakupenda kukaa na vitabu tu. Alitaka kupima. Johannes Kepler, mnajimu mkuu wa Ujerumani, alikuwa ametabiri kwa hesabu kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi ingepita mbele ya uso wa jua. Kepler alikufa mwaka 1630, asiione siku ile. Gassendi alikuwa Paris. Akatia giza katika chumba, akaupitisha mwanga wa jua katika darubini, sura ya jua ikaanguka juu ya karatasi nyeupe. Kwa maana mtu alitazamaye jua kwa darubini hupofuka. Mawingu yalimsumbua. Kisha akaona nukta nyeusi, ndogo mno, akadhani ni doa tu la jua, kwa kuwa watu wote waliitazamia sayari kuwa kubwa. Lakini nukta ile ilisogea upesi kuliko doa lo lote. Ndipo akajua kwamba ni Utaridi yenyewe. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuandika habari ya jambo hilo kwa macho yake, na watu wakajua kwamba hesabu ya Kepler ilikuwa njema, na kwamba Utaridi ni ndogo kuliko walivyodhani.

Alipima pia mwendo wa sauti. Mtu akisimama katika uwanda wa Kisongo, akamtazama mwingine aliye mbali akipasua kuni, huona shoka limeshuka kwanza, na mlio wake humjia baadaye. Gassendi alitumia bunduki na mzinga. Watu wengi walidhani sauti nene na sauti nyembamba haziendi sawasawa. Yeye aliona kwamba mlio wa bunduki na mlio wa mzinga hufika kwa muda ule ule. Hesabu yake ya mwendo wenyewe ilizidi: alisema karibu mita 478 kwa nukta moja ya saa, na kwa kweli ni kama 340. Ila neno lake la kwamba zote huenda mwendo mmoja limesimama hata leo.

Mwaka 1640 alikwenda bandari ya Marseille kupima neno lingine. Siku zile walikuwapo waliosema kwamba dunia haiwezi kuzunguka, kwa kuwa kama ingezunguka, jiwe likiangushwa kutoka juu ya mnara lingeachwa nyuma. Na hilo halikuwa swali la mchezo, maana mwaka 1633 Galileo alihukumiwa huko Roma kwa kufundisha kwamba dunia yaenda. Gassendi alipata jahazi kubwa la makasia, wapiga makasia wakalisukuma kwa nguvu, na mtu akaangusha vitu vizito kutoka juu ya mlingoti. Havikuanguka nyuma ya jahazi. Vilianguka pale pale chini ya mlingoti, kana kwamba jahazi limesimama. Mwanafunzi aliyepanda motokaa iendayo sawasawa kutoka Kisongo hadi Arusha aweza kuangusha kijiwe ndani yake akaona vivyo hivyo. Gassendi akaeleza, katika kitabu cha mwaka 1642, kwamba kitu kilichopewa mwendo huendelea nao sawasawa, pasipo kupungua, mpaka kitu kingine kikizuie. Baadaye Isaac Newton wa Uingereza aliiweka kanuni hiyo mwanzoni mwa sheria zake za mwendo.

Kuhusu nafasi tupu alishindana na Mfaransa mwenzake, René Descartes, aliyesema kwamba hakuna mahali patupu kabisa ulimwenguni. Waliandikiana maneno makali, ila baadaye walipatana. Katika siku zao watu walianza kupima uzito wa hewa kwa bomba la kioo lenye zebaki. Pwani, hewa huweza kuisimamisha zebaki katika bomba kiasi cha sentimita 76. Mtu akipanda mlima, hewa iliyo juu yake hupungua, na zebaki hushuka. Kisongo iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,300, na hapo zebaki husimama karibu na sentimita 64. Katika kilele cha Meru, chenye mita 4,566, hubaki karibu na sentimita 43. Na juu ya zebaki, ndani ya bomba, hubaki mahali pasipo na hewa. Gassendi alifurahi sana kusikia habari hiyo, maana aliona kwamba utupu uliokanwa na Aristotle sasa waonekana nyuma ya kioo.

Mwaka 1645 alifanywa mwalimu wa hesabu katika Chuo cha Mfalme huko Paris, lakini mapafu yake yalikuwa mabovu, na baada ya miaka michache aliacha kufundisha. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Alipougua homa, waganga wa Paris walimtibu kwa kumtoa damu, kama walivyofundishwa na vitabu vya kale. Walimtoa mara nyingi. Mgonjwa alijiona amekwisha kudhoofika, lakini akakubali shauri lao. Mtu aliyewafundisha wengine wasilipokee neno la kale pasipo kulipima alitibiwa kwa neno la kale ambalo hapana aliyelipima. Akafa tarehe 24 Oktoba 1655. Mwaka 1658 rafiki zake wakatoa maandiko yake yote huko Lyon, vitabu vikubwa sita.

Mwanafunzi wake François Bernier, aliyemwuguza, alisafiri baadaye mpaka Misri na Bahari ya Sham. Alikusudia kwenda Ethiopia, ila watu walimwonya juu ya hatari za njia, akapanda chombo mpaka Surat katika Bara Hindi. Huko alikuwa tabibu katika nyumba za wakubwa wa mfalme, akamweleza bwana wake mmoja, Mwislamu mwenye kupenda elimu, mafundisho ya Gassendi. Ndivyo habari za chembe kutoka kijiji cha Champtercier zilivyovuka bahari ile ile iletayo majahazi Pwani ya Afrika.

Na ungo haukukoma. Gassendi alidhani baridi ina chembe zake zenye pembe kali. Leo yajulikana kwamba joto ni mwendo wa chembe, na baridi ni kupungua kwa mwendo huo. John Dalton wa Uingereza alionyesha uzito wa atomu kwa hesabu. Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwa hadubini vipande vidogo vya chavua vikitetemeka ndani ya maji, na mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwamba vinapigwa na chembe za maji zisizoonekana. Jean Perrin, Mfaransa, alipima mtetemeko huo kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel; tangu kazi yake shaka ya kuwapo kwa atomu ilikwisha. Upana wa atomu ni kama sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 10,000,000. Tena imeonekana kwamba atomu yenyewe yakatika, kinyume cha jina lake, maana mna vitu vidogo zaidi ndani yake.

Hata vumbi la katika mwali wa jua lahitaji kupepetwa. Vipande vile si atomu. Kila kimoja kina atomu nyingi zisizohesabika, na kuzunguka kwake hutokana zaidi na upepo mdogo wa nyumbani. Aliyekitazama akasema, "Hii ndiyo atomu," alikosea. Aliyesema, "Nisichokiona hakipo," alikosea zaidi.

Wanajimu wamelipa jina la Gassendi shimo moja kubwa juu ya uso wa mwezi. Upana wake hupata kilomita 110, kupita safari ya kutoka Arusha mpaka Moshi, nalo mtu akiwa Kisongo usiku wa mbalamwezi aweza kuliona kwa darubini ndogo. Kwa macho matupu ni vigumu kuliona, walakini liko pale.